Mama Kitambaa na Giaboksi Zilizozibwa Pua

Mashine haifi ghafla. Mtu akikuambia mashine yake "imekufa ghafla tu, hata sielewi," jua unaongea na mtu ambaye hakuwa anaiangalia. Mashine inaumwa kwanza. Inapata homa, inakohoa, inatokwa na jasho, inalalamika wiki nzima mbele ya watu wenye macho yao mawili na masikio yao mawili. Siku ikisimama, haohao wanashika viuno: "Ah, ghafla!" Nyoo! Ghafla nyumbani kwenu.

Nasema hivi kwa sababu ya mama yangu mdogo, yule anayemfuata mama yangu kuzaliwa. Kazini kwake hakuna anayemwita jina lake. Wanamwita Mama Kitambaa, maana miaka kumi na tisa hajawahi kuonekana mle kiwandani bila kitambaa begani. Kiwanda chenyewe kinachukua karatasi chakavu, kinazivuruga kwenye maji mpaka ziwe uji, halafu kinazigeuza kuwa maboksi. Kazi ya mama mdogo ni kukagua giaboksi na kuzitia oili. Zipo thelathini na moja. Hiyo tu. Ndiyo kazi ambayo watu wa ofisini wakiitaja wanapunga mkono kama wanafukuza nzi: "Aa, yule mama wa grisi."

Kama hujui giaboksi ni nini usione haya, hata bosi wake hajui. Ni lile boksi la chuma linalokaa kati ya mota na mashine. Mota inazunguka kwa pupa kama mtu aliyekunywa kahawa sita, lakini mpe kitu kizito avute, hawezi. Giaboksi inaichukua ile pupa, inaipitisha kwenye magurudumu ya meno, inaitoa upande wa pili ikiwa polepole na yenye nguvu. Ndani kuna meno, beringi, na oili ya kuyafanya yasitafunane. Oili ikipungua au ikichafuka, chuma kinakula chuma. Umehitimu. Sasa unajua kuliko msimamizi wa matengenezo wa kiwanda kile, na huyo ana kadi shingoni.

Mama mdogo anaanza saa moja asubuhi. Ana ndoo yenye tochi, bisibisi ndefu, pampu ya grisi, daftari la shule lililovimba kwa oili, na vitambaa. Akifika kwenye giaboksi hagusi kitu. Anasimama kwanza. Anaangalia chini, sakafuni, kama mtu aliyedondosha hereni. Kama kuna tone, anataka kujua limetoka wapi kabla ya kitu kingine chochote. Halafu anafuta. Anafuta boksi lote, pembeni, chini ya tumbo, kwenye zile kona ambazo mkono hauingii bila kuchubuka. Watu wapya humcheka wakidhani anafanya usafi.

"Penye uchafu wa jana huwezi kuona uchafu wa leo," huwaambia, na anaendelea.

Akimaliza kufuta anamulika kioo, kile kidirisha kidogo cha duara ubavuni kinachoonyesha oili imefika wapi. Baada ya hapo anaweka mkono. Nyuma ya mkono, si kiganja. Kiganja kimezoea kubeba na kusugua, kimekuwa sugu, kinakudanganya. Halafu ukishtuka kiganja kinakamata, wakati nyuma ya mkono unajitoa wenyewe. Anahesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano. Ukivumilia mpaka tano, giaboksi ni nzima. Ukiishia tatu, kuna jambo. Ukiishia moja, tafuta fundi na uombe Mungu. Mwisho anaegemeza ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini sikioni, anasikiliza beringi zinavyoimba. Anaandika kwenye daftari. Anahamia inayofuata.

Na ana sheria moja iliyomgombanisha na kila msimamizi aliyewahi kupita pale: haongezi oili kabla ya kujua ile iliyopungua imekwenda wapi. Oili hainywewi na chai. Kama imepungua, imetoka mahali, na pale ilipotoka ndipo penye ugonjwa. Wengine wakiona imepungua wanamimina tu, wanaondoka wanapiga miluzi. Hiyo ni sawa na kumwongezea maji mtu anayetokwa na damu.

Nyumbani wanaishi vyumba viwili, yeye na mumewe, fundi viatu mwenye mdomo kuliko sindano zake. Ukikaa nao sebuleni, feni ikibadilisha sauti kidogo tu, mama mdogo anakatiza maneno na kuinua kidole. Baba mdogo anatugeukia: "Mnaona? Mimi nikiumwa, mwenzenu hatafuti kipimo. Nyuma ya mkono shingoni, moja, mbili, tatu. Halafu anaangalia chini ya kitanda kama nimevuja."

"Wewe ukivuja ni maneno," mama mdogo anamjibu. "Na hayo sijawahi kupata sili ya kuyazibia."

Basi. Huyo ndiye mtu. Sasa nikuletee mdudu.

Mwaka jana kiwanda kilipata msimamizi mpya wa matengenezo. Kijana wa miaka ishirini na tisa, shati limepigwa pasi mpaka linakata, viatu vyenye ncha kama penseli. Boti za usalama alipewa, ziko kwenye boksi lake mpaka leo, hazijajua sakafu ni nini. Alikuja na kishikwambi, na hakukiweka chini hata akila. Siku ya pili tu wafanyakazi walishambatiza: Bwana Kishikwambi.

Ndani ya kile kishikwambi alikuwa ameziweka giaboksi zote thelathini na moja, na kila moja ina maswali manne. Joto sawa? Sauti sawa? Kiwango cha oili sawa? Haivuji? Unagusa kwa kidole, swali linageuka kijani. Yakigeuka kijani yote, kishikwambi kinatoa mlio wa furaha, kama mtoto aliyefaulu kufunga kamba za viatu. Sina ugomvi na kishikwambi. Kifaa ni kifaa. Ugomvi wangu ni na mtu anayedhani kidole chake kikigusa kioo cha kishikwambi, giaboksi kule chini imesikia.

Wiki ya kwanza akamwita mama mdogo.

"Mama, ukaguzi wako unachukua saa nne."

"Ndiyo, bosi."

"Mfumo unasema dakika arobaini."

"Huo mfumo umeshawahi kushuka huku chini?"

Waliokuwepo walicheka, na hapo ndipo mama mdogo alipochukiwa. Haikupita mwezi Bwana Kishikwambi akawa amepeleka pendekezo kwa meneja wa kiwanda: nafasi ya mtia oili ifutwe, kazi igawiwe mtu yeyote anayepita na kishikwambi. Meneja hakukubali, hakukataa. Alisema "tutaona," ambalo ni neno la mameneja wote duniani likimaanisha niletee sababu. Kuanzia hapo kijana wetu alikuwa anatafuta sababu, na mama mdogo alijua. Kazi ya miaka kumi na tisa ilikuwa inaning'inia kwenye uzi, na aliyeshika mkasi alikuwa na viatu vya ncha.

Ikatokea binti yake mkubwa kajifungua. Mama mdogo akaomba likizo ya siku nne, akaenda kulea mzazi. Na siku hizohizo ikatangazwa kwamba wageni wanakuja: wanunuzi wakubwa wa maboksi, wanataka kuona kiwanda kabla ya kusaini mkataba. Kiwanda kizima kikapata kichaa. Mapazia yakafuliwa. Maua yakaletwa kwenye makopo. Na Bwana Kishikwambi akapata wazo, Mungu atuepushe: giaboksi zote zipakwe rangi ya kijani. Rangi nzito, inayong'aa, matabaka mawili. Zikapakwa juu ya vumbi na juu ya oili, palepale zilipo, siku ya pili ya likizo.

Mama mdogo aliporudi alisimama mlangoni akadhani amekosea kiwanda. Akamkuta fundi rangi, aliyekuwa amebaki kumalizia kuta, anakunja turubai lake.

"Umefanya nini, baba?"

"Niliambiwa kila kitu kijani, Mama Kitambaa. Kila kitu. Bahati ya paka hakupita."

Na kweli kila kitu kilikuwa kijani. Vibao vinavyosema oili ya aina gani iingie wapi vilikuwa kijani. Vile vidirisha vya kuangalia kiwango vyote thelathini na moja, kijani, huoni hata tochi ikigusa. Na vipumulio, kijani.

Hapa nisikilize vizuri, maana ndipo penye kisa. Juu ya kila giaboksi kuna kitu kama bolti ndogo yenye tundu. Ndicho kipumulio, ni pua yake. Giaboksi ikifanya kazi inapata joto, hewa ya ndani inavimba, inatokea pale. Ikipoa, inavuta. Ziba lile tundu, na hewa itasukuma oili itokee popote pepesi, yaani kwenye sili, ile mipira inayozunguka mhimili. Oili inaanza kuvuja, inapungua, joto linapanda, joto likipanda hewa inavimba zaidi. Kichwa cha binadamu ukikiziba pua na mdomo hukiiti kizuri kwa sababu umekipaka poda.

Mama mdogo akapanda ngazi mpaka ofisini.

"Bosi, mmeziziba pua."

"Nimeziba nini?"

"Vipumulio. Vimepakwa rangi. Na vioo havionyeshi. Nataka nivikwangue leo."

Bwana Kishikwambi hakuinua macho. "Mama, vile ni vikofia tu. Wageni wakishaondoka utakwangua mpaka uchoke. Kwa sasa usiguse rangi."

"Zitavuja."

"Zikivuja, ongeza oili."

"Niongeze mpaka wapi, na kioo hakionyeshi?"

"Kadiria."

Kadiria! Mtu mwenye kadi shingoni anasema kadiria. Mama mdogo alishuka ngazi, akachukua kisu cha kukwangulia na kuanza na namba moja. Alifika namba nane, kila moja kioo na kipumulio, safi kabisa, kabla hajaonekana. Saa kumi jioni alikuwa na barua mkononi. Barua ya onyo, ya kwanza na ya mwisho, kwa kosa la "kuharibu kwa makusudi mwonekano wa mali ya kampuni." Ikirudiwa, kazi basi.

Alimwonyesha mumewe. Baba mdogo aliisoma mara mbili, akaisogeza mbali na macho, akaisoma tena. "Mwonekano," alisema. "Miaka kumi na tisa hawajakuandikia asante, leo wanakuandikia mwonekano."

"Nikifukuzwa?"

"Ukifukuzwa utakuja kunikagua mimi siku nzima, na mimi sitaki. Kwa hiyo usifukuzwe."

Ndivyo wanavyofarijiana wale wawili. Lakini usiku ule, kwa maelezo ya baba mdogo, mke wake hakuitazama feni hata ilipoanza kugonga.

Kwa hiyo siku tatu alitii. Nakiri hapa nilimkasirikia. Niliposimuliwa nilimuuliza, "Mama, ulikaa kimya?" Akanijibu, "Nilikaa kimya, lakini niliandika." Na daftari ninalo mbele yangu. Namba kumi na saba na kumi na nane ni mapacha: aina moja, umri mmoja, kila moja inaendesha pipa kubwa la kuvurugia karatasi. Wafanyakazi yale mapipa wanayaita Sufuria ya Kwanza na Sufuria ya Pili. Siku ya kwanza ameandika: zote mbili, jasho kwenye sili. Siku ya pili: matone, joto nne. Siku ya tatu: mchirizi, joto tatu. Kila siku amepeleka taarifa juu, na kila siku ameandika jibu alilopewa. Neno ni lilelile mistari mitatu: kadiria, kadiria, kadiria.

Siku ya nne ilikuwa siku ya wageni. Saa mbili asubuhi aliweka nyuma ya mkono kwenye namba kumi na saba, akaishia mbili. Akaenda namba kumi na nane, akaishia mbili. Alisikiliza kwa bisibisi. Kumi na saba ilikuwa na kelele fulani ambayo aliniigizia kwa kusaga meno, na sitaki aniigizie tena.

Mwendesha Sufuria ni bwana mmoja mnene mpole anayetafuna kiberiti. Mama mdogo akamwendea.

"Ndugu yangu, Sufuria ya Kwanza unajaza tena saa ngapi?"

"Saa tatu kasoro. Nasimamisha, najaza, kama dakika ishirini."

"Nipe hizo ishirini."

Yule bwana akaacha kutafuna. "Mama Kitambaa, barua yako wote tumeisikia."

"Nimeisoma zaidi yenu."

Pipa likasimamishwa. Mama mdogo akapiga kufuli kwenye swichi, ufunguo akautia mfukoni, kama anavyofanya siku zote, maana yeye ana akili. Akakwangua kipumulio, akafunika kitambaa, akageuza uso pembeni, akalegeza kwa spana polepole. Hewa ilitoka ikipiga mluzi, ikamwaga ukungu wa oili kwenye kitambaa. Akakwangua kioo: oili ilikuwa chini kabisa ya kioo, hata utepe haukuonekana. Sasa alijua imekwenda wapi. Ndipo akaongeza, mpaka katikati ya kioo, akafunga kipumulio kilichosafishwa, akafuta. Akageukia pacha wake, kumi na nane. Viatu vya ncha vilikuwa vimeshafika kwenye ngazi.

"Mama! Nilisema nini?"

"Kumi na nane nayo inaumwa, bosi. Niachie dakika kumi na tano."

"Usiiguse. Wageni wako getini!"

Mwendesha Sufuria alisikia, akaweka kichwani. Mama mdogo akaokota ndoo yake.

Wageni wakapita. Kumi na saba ilizunguka vizuri. Hakuna kilicholipuka wala kilichomrukia mtu, kwa hiyo hakuna aliyejua kitu. Ndiyo laana ya kazi hii: ukiifanya vizuri, ushahidi wako ni kwamba hakuna kilichotokea. Alichoona mgeni mmoja, mama mwenye miwani, ni mkwaruzo. Akanyoosha kidole: "Hii imekwanguliwa na nini?" Basi, Bwana Kishikwambi akageuka rangi ya giaboksi zake.

Barua ya pili ilimfikia mama mdogo kabla hajavua koti. Kikao kesho yake, saa tatu.

Kikao kilifanyika chumba cha juu, kile chenye zulia. Ukutani kuna fremu imeandikwa kwa dhahabu: Usipoziba Ufa Utajenga Ukuta. Nakuapia. Walikaa chini ya fremu ile kumhukumu mtu aliyeziba ufa. Alikuwepo meneja, bibi mmoja wa ofisi ya wafanyakazi mwenye faili, Bwana Kishikwambi na chombo chake, na mwakilishi wa wafanyakazi ambaye kazi yake ilikuwa kuitikia kwa kichwa, kila upande, kwa haki sawa.

Bibi wa faili akasoma kosa. Meneja akauliza: "Mama, ulikatazwa?"

"Nilikatazwa."

"Ukafanya?"

"Nikafanya. Ingeharibika."

Bwana Kishikwambi akatabasamu. "Ana ushahidi gani kwamba ingeharibika?"

"Ushahidi wangu ni kwamba haikuharibika."

Wakacheka wote, hata mwakilishi. Mama mdogo akawasubiri wamalize, kama anavyosubiri mashine isimame.

"Bosi," akasema, "hebu fungua hicho kishikwambi chako. Siku nne nilizokuwa likizo, nani alikagua?"

"Mimi mwenyewe."

"Siku ya tatu, namba kumi na nane, kiwango cha oili kinasemaje?"

Akagusa. "Sawa. Kijani. Zote kijani, Bwana Meneja, siku zote nne."

"Uliona kwenye nini?"

"Kwenye kioo, Mama. Kwani kinaonekana kwenye nini?"

"Na rangi ilipakwa siku ya ngapi?"

Kilichofuata nilisimuliwa na watu wanne, kila mmoja kwa furaha yake. Meneja alimwangalia msimamizi wake. Msimamizi aliangalia kishikwambi, kana kwamba kitamjibia. Bibi wa faili, ambaye sikutegemea kumsifu, akafungua ukurasa wake na kusema kwa sauti ndogo: "Siku ya pili. Hati ya fundi rangi ninayo hapa."

Yaani bwana mkubwa huyu aliangalia oili siku mbili kupitia rangi. Matabaka mawili. Amejaliwa macho ambayo hata daktari hana. Na watu kama hawa ndio wanaotupaka mafuta kwa mgongo wa chupa kila siku, halafu tunapiga makofi kwa sababu chupa inang'aa.

"Kumi na nane haijaguswa mpaka sasa hivi," mama mdogo akasema. "Kumi na saba ni pacha wake. Twendeni chini, mkaweke mkono."

Wakashuka, meneja na tai yake mbele. Mwendesha Sufuria alipowaona akatema kiberiti chake. Mama mdogo akamwonyesha meneja: nyuma ya mkono, hivi, uhesabu. Meneja akaweka kwenye namba kumi na saba. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Akatoa, akaangalia mkono wake kama amepewa mpya.

Sasa mwenye haraka ni mwenye haraka tu. Bwana Kishikwambi, akitaka kuonyesha kwamba hakuna tofauti, akasogea kwenye namba kumi na nane. "Hata hii ni—"

"Nyuma ya mkono, bosi," mama mdogo akamwambia.

Akaweka kiganja.

Alikitoa kwa ukelele ambao mwendesha Sufuria anaweza kukuigizia ukimletea soda. Hakuungua vibaya, usimlilie. Lakini ile rangi iliyopakwa juu ya uchafu ilikuwa haijashika, joto limeilainisha, na kiganja chote kilitoka kijani. Vidole vitano, safi kabisa. Na pale kwenye giaboksi ikabaki alama ya mkono, na chini yake vumbi la zile siku ambazo hakukuwa na kitambaa.

Meneja akaamuru pipa lisimamishwe. Kufuli, ufunguo mfukoni. Kitambaa juu ya kipumulio, uso pembeni, spana polepole. Mluzi ule ulikuwa mrefu kuliko wa jana, na meneja alirudi nyuma hatua mbili.

"Nini hicho?"

"Pumzi, Bwana Meneja. Ya siku nane."

Akakwangua kioo. Kitupu.

Najua unataka kusikia Bwana Kishikwambi alifukuzwa. Hakufukuzwa. Watu wa aina ile hawamwagi unga, wanaandika ripoti. Ameandika yake, kurasa kumi na mbili, kuhusu umuhimu wa vipumulio, jina lake juu, na kwenye kishikwambi ameongeza swali la tano. Pendekezo la kufuta nafasi ya mtia oili limekufa kimyakimya. Hayo ni ya baadaye. Siku ile, pale kando ya Sufuria ya Pili, meneja alijaribu kumaliza mambo kwa njia ya mameneja.

"Sawa, Mama. Zile barua tutaziweka kando."

"Haziwekwi kando."

"Una maana gani?"

"Oili ikimwagika sakafuni huiweki kando. Unaifuta, la sivyo mtu atateleza kesho. Na huyo mtu ni mimi."

Meneja alikuna shingo. Nyuma ya mkono wake bado ulikuwa na vumbi la namba kumi na saba. Mwishowe akamwitikia bibi wa faili kwa kichwa, na bibi wa faili akazichomoa barua zote mbili, akampa. Mama mdogo alizitazama. Kipumulio cha namba kumi na nane kilikuwa bado mkononi mwake, kinadondosha oili. Akajaribu kukifuta kwa barua ya kwanza. Karatasi ilikuwa ya kung'aa, ya bei mbaya. Oili iliteleza tu juu yake.

"Hata kwa hili haifai," akasema, akazitupa zote mbili ndani ya Sufuria pamoja na karatasi nyingine chakavu, akakifuta kipumulio kwa kitambaa.

Alipomaliza kutia oili alihesabu kwa vidole. Zilibaki ishirini na moja ambazo bado zimezibwa. Meneja akapewa tochi, akaishika. Bwana Kishikwambi alikuwa anatafuta pa kupangusia kiganja chake. Mama mdogo akamnyooshea kile kisu cha kukwangulia, mpini mbele, kwa adabu zote.

"Bosi, wewe anza na namba tisa. Polepole tu, usikwaruze rangi."